Herufi Nane za Msalaba

Sipendi herufi zenye mikia. Nasema mapema ili tusisumbuane. Herufi yenye mkia mbele, mkia nyuma, na kitu kinachoning'inia tumboni, hiyo ni kama mtu aliyevaa nguo zake zote siku moja. Nimeandika mabango mjini Meru zaidi ya miaka ishirini. Kibanda changu kiko Majengo, kati ya bucha na mama wa mitumba, na mteja akija na simu yake anionyeshe yale maandishi ya kujipindapinda, ati anayataka juu ya duka la dawa za mifugo, namwambia aende kwa wenye mashine. Wengi huenda. Baadaye wengi hurudi wakiwa wadogo kidogo, kwa sababu mtu aliyetoka Muthara mbio, ng'ombe amelala chini nyumbani, hana wakati wa kutegua kitendawili mlangoni.

Fundi aliyenifunza alikuwa mzee wa hapo hapo Majengo, mkali hata kwa wateja. Kiarabu alikiandika msikitini mpaka watu wakasimama kutazama, lakini ukimpa bango la bucha haongezi hata nukta. Alikuwa akinivusha barabara, ananisimamisha upande ule na kuniuliza naona nini. Nikisema naona neno, sawa. Nikisema naona rangi nzuri, alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa akafuta kazi yote nianze upya. Wanawake kwenye ngazi hawakuwepo siku hizo, na watu walipopita wakicheka aliniambia nisigeuke. Alinifunza kwamba O lazima ipite mstari kidogo juu na chini, la sivyo jicho huiona ndogo. Alinifunza kwamba nafasi kati ya herufi hupimwa kwa jicho, wala si kwa rula, na kwamba rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kukimbia jua. Herufi, alisema, ni za mtu aliye mbali, mwenye haraka na macho mabovu, maana wa karibu atauliza. Alipokufa nilirithi brashi zake na hasira zake, na sijui ni kipi nimekitumia zaidi.

Baba yangu alipofariki, msalaba niliuandika mimi. Kwetu ni Mitunguu, huku chini kwenye joto, na tulimzika ukingoni mwa migomba yake, karibu na bomba la maji. Desturi yetu ni kwamba kaburi husimamishwa msalaba wa mbao kwanza, halafu familia ikijipanga, mwaka ujao au miaka mitatu baadaye, jiwe huja. Kwa hiyo msalaba hufanywa haraka haraka, na yeyote mwenye brashi. Mimi sikuharakisha. Nilipaka nyeupe mara mbili, nikapiga mistari ya chaki, nikaandika kwa rangi nyeusi herufi kubwa, nene, zilizosimama wima. Jina lake juu, miaka yake katikati, na chini maneno matatu: MUME, BABA, MKULIMA. Kwa mazoea ya kazi nilianza hata kuandika namba yangu ya simu pale chini, kama ninavyofanya kwenye kila bango. Nilikuwa nimeshaandika sufuri na saba nilipojishtukia nikazifuta. Ukichungulia vizuri uliona alama.

Mama hakusoma shule. Baba ndiye aliyekuwa macho yake ya karatasi. Alimsomea barua za ushirika, dawa, kitabu cha nyimbo kanisani, naye Mama alikuwa akiimba nyuma yake kwa nusu pumzi, na ukikaa mbali ungedhani wote wawili wanasoma. Shangazi yetu, dada ya Baba, alilijua hilo na hakumwacha Mama apumue nalo hata siku moja. Kwenye kila harusi, kwenye kila mchango, angetafuta nafasi ya kusema kwamba ndugu yake alioa mikono mizuri ya jembe lakini kichwa kilibaki kwao. Mama alicheka pamoja na wengine. Mimi sikucheka, na shangazi huyo sijampenda tangu nikiwa na meno ya utoto.

Wiki chache baada ya mazishi nilimkuta Mama amekaa pale kaburini, jembe pembeni, akifuata herufi kwa kidole. Aliniuliza ipi ndiyo mume. Nikamwonyesha. Akauliza kwa nini baba inaanza kwa kitu kimoja na kurudia kitu hicho hicho. Nikamweleza. Siku iliyofuata alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi mjini kuniambia kwamba ile yenye milima miwili iko mbele ya mume na iko mbele ya mkulima pia, na kwa nini sikumwambia. Basi ndivyo alivyojifunza kusoma, akiwa na zaidi ya miaka sitini, bila mwalimu wala daftari. Maneno yale matatu yana herufi nane tu ukiondoa zinazojirudia. Jina la Baba lilimwongezea tatu. Kwa hizo alianza kuichokora dunia.

Neno la kwanza alilolisoma nje ya kaburi lilikuwa EMBU. Lilikuwa mlangoni mwa lori lililokuja kuchukua ndizi, na huko Embu ndiko kakangu mkubwa anakofanya kazi ya ofisi, kwa hiyo alifurahi mara mbili. Alisimama mbele ya lori akamzuia dereva asiondoke mpaka amalize. Kisha akaniambia kwa ukali kwamba Embu anaisoma lakini Meru haisomi, na kwamba nimpe ile herufi inayokosekana. Niliandika MERU kwenye tangi la maji, urefu wa mkono mzima. Aliitazama R kwa muda, akasema hiyo ni B iliyovunjika ikaota mguu. Nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi ya kwanza ya kulipwa, na sioni haya kusema.

Huyo kakangu sasa. Ni mzaliwa wa kwanza, na kwetu hilo ni cheo. Mwaka jana aliandika kwenye kikundi cha familia kwenye simu kwamba wakati umefika, tumjengee Mzee kaburi la heshima, tufanye ibada ya kumbukumbu, mahema, chakula, watu wote. Hakuna aliyekataa. Nikaandika kwamba maandishi ya jiwe nitayachora mimi, mkataji afuate mchoro wangu. Kakangu akajibu pale pale, mbele ya shangazi na binamu na wake za binamu, "Tafadhali, hii tunataka ya kisasa. Mambo ya brashi ni ya vibanda." Zikafuata sura za kucheka, moja baada ya nyingine, kama kuku wakimwagiwa mahindi. Ya shangazi ilikuwa ya kwanza.

Roho ilinichafuka. Nilikaa siku nzima kwenye bango la mama mmoja wa chapati, nikiandika na kufuta neno lile lile. Vibanda. Huyo mtu karo yake ya mwisho chuoni ilitoka kwenye kibanda hicho hicho, lakini wacha hiyo, nikianza sitamaliza.

Baada ya siku kama kumi alinitumia picha peke yangu, si kwenye kikundi. Ilikuwa mchoro wa jiwe kutoka kwa wakataji wa huko Embu. Chini yake aliandika, "Cheki hii kabla wakate. Iko sawa?" Kwa hiyo alikuwa amenijia. Kwa njia yake ya kiburi, lakini alikuwa amenijia, na mlango alikuwa ameuacha wazi.

Nilikuwa juu ya ngazi, na nilipoifungua karibu nianguke. Walikuwa wamechukua herufi za kadi ya harusi, zile za kuigiza mwandiko wa mkono, halafu wakaziandika zote kubwa. Mtu anayejua kazi hii hata kidogo anajua hilo halifanywi. Herufi kubwa ya namna hiyo imetengenezwa isimame peke yake mwanzoni mwa neno na kujitanua. Ukizipanga kumi pamoja zinakanyagana. M ilikuwa matumbo ya mbuzi yakining'inia kwa jirani yangu wa bucha. B na L na K zilikuwa kitu kimoja. Tena nyembamba, za dhahabu, juu ya jiwe jeusi linalong'aa, ambalo jua la saa sita la Mitunguu lingeligeuza kioo.

Nilijua. Huo ndio ukweli, na sitaki kuuremba. Nilijua pale pale juu ya ngazi kwamba Mama hataweza kusoma hata neno moja. Nilianza kuandika, "Mama hatasoma hii." Nikayatazama maneno yangu. Kisha nikakumbuka vibanda, nikakumbuka zile sura za kucheka, nikayafuta. Nikamtumia kidole gumba kilichoinuliwa, kile cha njano, kimoja tu. Nilitaka akate jiwe, alilipie, alibebe kutoka Embu mpaka Mitunguu, alifunue mbele ya watu, na watu wakunje macho. Nilitaka aaibike mpaka aombe brashi.

Kumbe Mama naye alikuwa na mpango wake. Alikuwa amemwuliza kakangu jiwe litasemaje, na kakangu akamjibu litasema yale yale ya msalaba, jina, miaka, mume, baba, mkulima. Basi Mama akaenda kwa mchungaji akamwambia kwamba siku hiyo, kitambaa kikiondolewa, atasoma yeye. Mchungaji akaliweka kwenye ratiba. Mama akanipigia simu kunieleza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeficha kitu chini ya kitanda. Alisema shangazi ataketi safu ya mbele. Alisema amejizoeza kila asubuhi, anasimama hatua tano kutoka msalabani, halafu saba, na hata kwa saba anaona. Alisema, "Mara moja tu nataka anisikie."

Sasa hapo mtu mwenye akili angefanya nini? Jiwe lilikuwa bado halijakatwa. Ningempigia kakangu simu, dakika mbili, nimeze mate machungu, yaishe. Nilijiambia nitampigia kesho. Kesho nikajiambia labda ataona mwenyewe, kwani yeye si msomi. Kesho kutwa nikajiambia Mama anayajua maneno kwa moyo, atayasema tu hata kama haoni. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya kwa karibu wiki mbili, mimi ninayefukuza wateja kwa sababu ya mkia wa herufi. Nyani haoni kundule.

Siku ikafika. Mahema meupe, viti vya plastiki, wapishi nyuma ya nyumba na sufuria zao tangu alfajiri. Jiwe lilikuwa limefunikwa kitambaa cha zambarau, na msalaba wangu haukuwepo tena, umeng'olewa kupisha msingi. Kakangu alivaa suti akapita akisalimia watu kama mgombea. Mimi nilikaa pembeni nikisubiri aibu yake. Nasema nilikuwa nikiisubiri kama mtu anayesubiri chai.

Mchungaji akaomba, kitambaa kikaondolewa, watu wakapiga makofi. Jua lilikuwa juu kabisa na jiwe likawaka. Mchungaji akatangaza kwamba mjane atatusomea maandishi. Mama akasimama, amefunga kitambaa kipya kichwani, akahesabu hatua zake. Alisimama ya saba. Akafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka. Alisogea hatua mbili, akaweka mkono juu ya macho. Akasogea tena mpaka akawa amelifikia jiwe, akainama, akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza na kujaribu kuifuata. Kidole kikaenda kulia, kikazunguka, kikarudi kilikotoka, kikapotea. Alijaribu ya pili. Nilidhani atayasema kwa moyo. Lakini Mama hakuja kukariri. Alikuja kusoma, na tofauti aliijua kuliko sisi sote. Aligeuka, akatutazama sote, akasema wazi wazi kwenye kipaza sauti alichoshikiwa, "Huyu simjui."

Halafu shangazi, kutoka safu ya mbele, bila hata kuinua sauti, "Mwacheni akae. Huyo hajui kusoma tangu aolewe."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, wengi wao, kicheko kile cha kumwondolea mtu aibu, lakini kicheko ni kicheko. Kakangu akakimbia akachukua kipaza sauti na kusoma yeye, tena kutoka kwenye karatasi ya ratiba, kwa sababu jiwe lake mwenyewe hakuliangalia. Wanawake wa kanisa wakaanzisha wimbo. Mama alikaa na kufungua kitambaa kichwani, akakikunja, akakiweka mapajani.

Wimbo ulipokwisha aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, nami nikamfuata. Aliwauliza wapishi msalaba uko wapi. Walitazamana. Mmoja akaonyesha moto chini ya sufuria ya pilau. Walikuta mbao zimeegemezwa ukutani, wakadhani ni kuni, na wangejuaje? Mama alichuchumaa akavuta kipande kilichobaki nje ya moto. Kilikuwa na herufi nne za mkulima, nyingine zimeungua. Alikipangusa majivu kwa kiganja.

Kakangu akatokea, na hapo nikafunguka. Nilimwambia yote. Nilimwambia jiwe lake ni uchafu, kwamba hata yeye hawezi kulisoma, kwamba amemvua mama yake nguo mbele ya watu kwa sababu ya kupenda makuu, kwamba ofisi imemtia upofu. Wapishi waliacha kukoroga. Nilikuwa nasema vizuri, nakumbuka, maneno yalikuwa yakija yamepangwa, na nilisikia utamu wake mdomoni. Yeye alisimama tu, jasho likimshuka shingoni. Nilipomaliza, aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akatafuta kwa muda. Alikuwa karibu kulia, mtu mzima huyo.

"Lakini nilikuuliza," akasema.

Hakunipa mimi ile simu. Alimpa Mama, labda kwa sababu Mama ndiye aliyekuwa amenyoosha mkono. Mama aliishika mbali kidogo na uso, kama anavyoshika kila kitu anachotaka kukisoma. Pale juu kulikuwa na picha ya jiwe. Chini yake maneno ya kakangu, ambayo aliyapita. Na chini kabisa, peke yake, kikubwa, cha njano, bila mkia wala pambo, kidole changu. Hatua saba ungekiona. Barabara nzima ungekiona.

"Hiki ni chako?" akaniuliza.

Nikasema ni changu.

Akakitazama tena, akamrudishia mwanawe simu, akasema, "Hiki nimekisoma."

Aliingia jikoni na kile kipande cha mbao akafunga mlango.

Nilirudi baada ya wiki mbili na msalaba mpya. Mbao ngumu, nyeupe mara tatu safari hii, herufi zile zile, nene, zilizosimama wima. Niliusimamisha upande wa miguu, jiwe la kakangu likabaki kichwani. Mama alikuwa akipalilia migomba. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za Majengo, akanifungashia ndizi za kurudi nazo. Msalaba hakuugusa, wala hakusema niung'oe. Nimekwenda mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara nasimama naye pale hatua tano, hatua saba, nikingoja. Juzi alisoma MERU kwenye tangi, kwa sauti, bila kuulizwa. Kisha akageuka akarudi nyumbani, na hakusoma kingine.